Mashine Wewe, Kidole Mimi

Likoni nzima ilimwita Bi Fundi, na kwa miaka yote niliyomjua sikusikia mtu akimwita jina jingine. Hata hivyo hakuwa seremala. Hakukata mbao wala hakupiga msumari, na randa aliishika kama mtu aliyepewa ghafla mtoto mchanga wa jirani. Kazi yake ilikuwa moja tu, kulainisha. Nyumba ya mtu ikifanyiwa ukarabati, mafundi wengine wakishamaliza kelele zao na kuacha mikwaruzo yao, aliitwa yeye apige msasa milango, fremu, vitanda vya zamani na makabati, kisha apake vanishi. Alikuja na kikapu cha ukili. Ndani yake mlikuwa na vipande vya msasa vilivyokunjwa mara tatu, kibao cha kuvizungushia, matambara ya kanga kuukuu na kikopo cha tambuu. Alitandika gunia, akaketi, akaanza. Ukitoka na kurudi saa kadhaa baadaye ulimkuta pale pale, ila ubao ulikuwa umebadilika.

Mimi nilimjua nikiwa mbeba kokoto. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa leo hapa kesho kule: kupakia magunia Kipevu, utaniboi, yaani utingo, wa malori, kulinda ghala la mtu nisiyemjua. Kitu ambacho sijawahi kukiacha ni kuuliza. Siku hiyo tulikuwa tunaongeza vyumba kwenye nyumba moja huko Shika Adabu, nami nikapita na karai kichwani nikamwona akipitisha kidole juu ya mlango huku uso ameuelekeza pembeni, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari kwenye redio ya jirani.

"Shikamoo, mama. Wasikiliza nini?"

"Marahaba. Nasikiliza kokoto zako zikikungoja."

Nilicheka, nikazipeleka kokoto, nikarudi. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila nilipokuwa Likoni nilimbebea kikapu, nikamsaidia kushusha milango kutoka kwenye bawaba, nikala chakula chake. Nilipochoka nikaondoka. Niliporudi hakuuliza nilikuwa wapi. Alisema tu kwamba miguu yangu ina upele, na upele wa miguu hauna dawa.

Kidole chake kilikuwa kile cha kati cha mkono wa kushoto. Ubao ukiwa bado una mparuzo mahali, alisimama hapo akasema, "Hapa pana mtu." Nami nikipitisha changu sikusikia kitu. Alisugua mara tatu, nne, akarudisha kidole, akasema, "Ameondoka." Mlango wote ukishakuwa tayari alisema, "Hamna mtu," akakunja gunia lake. Wenye nyumba waliokuja kukagua kwa macho aliwaonea huruma. "Mbao haitazamwi," alisema. "Watu ndio hutazamwa, na hata hao wanadanganya."

Namba za msasa zilizoandikwa nyuma ya karatasi hakuzisoma kamwe. Alibana karatasi kati ya kidole na gumba, akaitaja: themanini, mia na ishirini, mia mbili na arobaini. Hakukosea. Na hata hilo neno msasa alinigombeza nalo. Nilikuwa nikidhani msasa ni karatasi. Siku moja tukielekea Mtongwe kwa miguu alisimama kando ya ua wa mtu, akapapasa majani, akachuma moja na kuniambia nisugue ukucha wa gumba. Ukucha uling'aa.

"Huu ndio msasa, ni mti," akasema. "Hilo mnalonunua dukani ni karatasi lililoiba jina la mwenziwe."

"Basi mbona nawe wanunua hilo jizi?"

"Kwa sababu majani hayana duka, mjinga wewe."

Milango aliisema kama watu. Huyu mkaidi, huyu mvivu, yule mgonjwa. Mlango wa maganda ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi, uliobandikwa juu ngozi nyembamba ya mti mzuri, alikuwa akiugundua kwa kupitisha kidole ukingoni mara moja tu, akasema, "Huyu amevaa kanzu ya kuazima," akaushughulikia kwa upole wa pekee ili asiutie aibu. Na alikuwa na sheria moja ambayo ilimpotezea kazi nyingi. Mlango uliovimba kwa mvua za masika hakuugusa. Watu waliotoka bara na kupanga au kununua nyumba kule Changamwe hawakuielewa sheria hiyo. Mlango ukikwama mwezi wa tano walitaka upunguzwe siku hiyo hiyo.

"Amekunywa maji," aliwaambia. "Wataka nimkate nyama kwa kuwa amekunywa maji? Mngojeeni kaskazi, atapungua mwenyewe."

Mmoja wao hakungoja. Akaita kijana mwenye randa, mlango ukafunguka na kufungwa vizuri mno. Upepo wa kaskazi ulipoingia, mbao ikakauka na kujikunja, kukabaki mwanya wa kupitisha kiganja. Bi Fundi alipita hapo mchana mmoja, akapenyeza mkono wake ndani mpaka kwenye kiwiko, akaita, "Hodi! Mimi bado niko nje, lakini mkono umeshaketi sebuleni." Mwenye nyumba alicheka mpaka akalia, akamwita Bi Fundi kwa kazi zake zote baada ya hapo.

Mtu atakayesoma haya atadhani alikuwa mama mpole. Hakuwa. Wapaka rangi walimkimbia. Aliwahi kumwambia fundi wa vigae kwamba mikono yake ingefaa zaidi kwenye mifuko ya suruali. Kiswahili changu cha bara alisema kina kokoto, na kila nikikosea alisugua hewa kwa kiganja kama anayenipiga msasa. Mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa wa mbao chakavu usioshikika. Ulimtia kibanzi kila mgeni aliyeusukuma. Nilipomuuliza kwa nini hajaupiga msasa miaka yote hiyo, akaniambia, "Mimi hurudi kwangu kupumzika, si kutafuta kazi." Alisali sala zake tano na alitukana kati ya moja na nyingine. Alinihimiza nirudi kwetu nikaoe, na kila aliponiona nimefunga mzigo alinuna.

Siri yake niliijua Kisauni. Tulikuwa kwenye ukumbi mwembamba usio na dirisha, katikati ya nyumba, tunapiga msasa milango minne ya vyumba. Taa ya umeme ilikuwa ikiwaka juu yetu. Ghafla umeme ukapotea na ukumbi ukawa mweusi kama ndani ya chungu. Mimi nilisimama mara moja, nikaogopa kujikata na kisu cha pati, kile cha kuzibia nyufa. Nikasikia upande wake: kwaru, kwaru, kwaru. Mkwaruzo haukukatika hata pumzi moja.

"Bi Fundi, stima zimepotea."

Mkono ukasimama. "Zimepotea lini?"

Mtoto wa nyumba ile alikuwa akiimba nje uani. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Sasa umejua. Likitoka nje nitajua limetoka kwako."

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alikuwa amemwambia miaka mitatu nyuma kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi, na kilichobaki ni kukilinda kwa matone. Kilichobaki kilikuwa mwanga wa dirishani, na umbo la mtu likiwa mbele yake kama nguo iliyoanikwa. Kumbe kule kuelekeza uso pembeni, kule kuzitaja namba kwa gumba, kule kucheka watu wanaokagua kwa macho, yote yalikuwa na mzizi huo. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie watu. Akasema hakuna mtu atakayemwachia kipofu mlango wa mvule. "Lakini mimi nina macho," akasema, akanishika mkono kwa vile vidole. "Kumi. Wewe unayo mawili tu."

Baada ya hapo nilitembea naye nikiwa nashikilia jambo ambalo lingeweza kumvunja, na naweza kusema kwamba siri niliitunza. Hilo ndilo pekee nililolitunza.

Shida ilianza na wenye grinda. Vijana walikuja na mashine za kukatia vyuma, wakazifunga diski ya msasa badala ya ile ya kukata, na wakamaliza kwa saa moja mlango ambao Bi Fundi aliufanya kwa siku mbili. Waliacha alama za mwezi mchanga kila mahali. Alama hizo huzioni kwenye mbao kavu. Huziona vanishi ikishakauka, fundi ameshakwenda zake. Wenye nyumba walilalamika, kisha wakawaita tena, kwa sababu watu wanaokarabati nyumba wakiishi humo humo hawawezi kulala kwenye vumbi wiki nzima. Simu ya Bi Fundi ikaanza kunyamaza. Mwezi mzima alipata kitanda kimoja na meza ya kuandikia.

Mimi ndiye niliyeleta wazo la mashine. Nilikuwa nimetazama video nyingi kwenye simu, nikajua kwamba mashine za msasa si za aina moja, na kwamba grinda si mashine ya msasa hata kidogo. Nilimweleza kwa shauku kama mtu anayeuza dini. Alinisikiliza, akatema tambuu.

"Inatetema?"

"Zote zinatetema, Bi Fundi."

"Basi itanila macho."

Sikumwelewa mpaka tulipofika dukani, duka la vifaa upande wa Kongowea. Muuzaji alikuwa kijana wa maneno mengi, kalamu sikioni. Alituwekea mashine tatu juu ya meza. Bi Fundi akafungua kikapu, akanipa vipande vitatu vya msasa: themanini, mia na ishirini, mia mbili na arobaini. Akaniagiza nisimame nyuma yake nivichanganye. Ataishika kila mashine ikiwa inafanya kazi mpaka muuzaji amalize kuisifu, kisha itazimwa, nami nitampa vipande kimoja kimoja avitaje.

"Mnacheza kamari, mama?" muuzaji akauliza.

"Ndiyo, mwanangu. Washa."

Ya kwanza ilikuwa ya mkanda, nzito, msasa wake unazunguka kama mnyororo wa tingatinga. "Hii ndiyo baba yao," muuzaji alisema. "Sakafu, mlango, meza, haichagui."

"Isiyochagua haina adabu," Bi Fundi akajibu. Ilipozimwa alivipapasa vile vipande vitatu kwa muda mrefu, akakosea vyote.

Ya pili ilikuwa ndogo, mbele imechongoka kama pasi, ya kuingia kwenye kona na mifuo ya dirisha. Alivitaja vyote vitatu bila kusita, akatabasamu, nikaona hata muuzaji ametabasamu bila kujua kwa nini. Lakini kwa mashine ile mlango mmoja ungemalizika siku ya Kiyama, na alilijua hilo kabla hatujamwambia.

Ya tatu ilikuwa ya duara, ya kukaa kiganjani, na mfuko wa vumbi mgongoni. Karatasi zake zinanata kama viatu vya watoto: unabandika, unabandua. Inazunguka na kutikisika kwa pamoja, ndiyo maana haiachi alama za mwezi. Inafaa mlango, meza, fremu pana, kitanda, hata ukuta uliopigwa pati. Ilikuwa na gurudumu dogo la mwendo, kutoka moja hadi sita. Kwenye tatu Bi Fundi alivijua vipande vyote, ingawa alisita. Kwenye sita alijua kimoja.

"Mama, tatu ni ya kubembeleza," muuzaji akasema. "Ukitaka kazi, ni sita."

Tulitoka nje tukasimama kivulini. Alikuwa akisugua vidole vyake kwenye ncha ya kanga, kimoja baada ya kingine, kama anayevihesabu aone vimerudi vyote.

"Ile ya pasi yaniachia vidole na kuninyima kazi," akasema. "Ile ya mkanda yanipa kazi na kunichukua vidole. Hii ya duara yataka tugawane."

"Basi tugawane sisi wawili. Mashine niishike mimi. Wewe usiiguse hata siku moja. Nitapiga themanini na mia na ishirini, wewe utapitisha kidole na kumalizia kwa mkono."

"Na miguu yako?"

"Imepona."

"Sema wallahi."

Mimi si Mwislamu, na yeye alilijua hilo. Nilisema wallahi.

"Haya," akasema. "Mashine wewe, kidole mimi."

Tuliinunua ile ya duara, na miezi mitatu iliyofuata ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na sisemi hivyo ili kujipamba. Alinifundisha mashine ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Alikuwa akinisikiliza tu kutoka kwenye gunia lake. "Unaikandamiza," alipiga kelele. "Iache ijibebe, ina uzito wake." Au, "Umekimbia hapo, rudi." Au, "Karatasi imekufa hiyo, sauti imekuwa nene, badilisha." Nikitaka kuruka kutoka themanini kwenda mia mbili na arobaini alinikataza, alisema mikwaruzo mikubwa hufutwa na mikwaruzo ya kati, na ya kati na midogo, na anayeruka hupaka vanishi juu ya aibu. Kisha nilizima mashine, vumbi likatulia, naye akasogea na kidole chake. "Hapa pana mtu. Hapa pia. Na hapa umeacha ukoo mzima." Akamalizia kwa mkono, akifuata nyuzi za mbao. Mlango uliochukua siku mbili sasa ulichukua nusu siku. Simu ikaanza kulia.

Kisha nikaondoka.

Ningependa kuandika hapa sababu. Nimeitafuta, na sina. Dereva niliyemjua alikuwa anapakia Kipevu, akaniambia ana nafasi mpaka Voi na labda Taveta. Nilimpigia Bi Fundi simu lori likiwa limeshavuka Mariakani. Nilimwambia nitarudi Jumatatu.

"Milango ya watu wa Changamwe ni Jumatano," akasema.

"Jumatatu nitakuwa hapo."

"Haya, baba. Safari njema."

Nilirudi mwaka uliofuata, na hata hapo sikwenda Likoni. Nilibaki upande wa bandari, nikijidanganya kwamba kivuko kina foleni.

Habari nilizipata kwa mwenye milango mingine ya Changamwe, aliyemwita Bi Fundi miezi mingi baada ya mimi kuondoka. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa bara aliyenunua nyumba ya zamani karibu na Airport na kuifanyia ukarabati. Alinitambua Kipevu nikiwa nimekaa juu ya matairi.

"Si wewe ulikuwa na yule mama wa msasa?"

Nikasema ni mimi. Akanishika bega, akanivuta pembeni, na nikaona kwamba ni yeye ndiye aliyekuwa akingoja mtu wa kumweleza.

"Mimi sina ubaya na yeye," alianza. "Hiyo milango niliuziwa nikaambiwa ni mninga. Nikamwambia hivyo hivyo, milango sita ya mninga. Kumbe ni maganda yamegandishwa, juu wameweka kangozi kembamba kama karatasi ya sigara. Mimi ningejuaje? Nikaenda kazini. Narudi mchana, nakuta minne imeshachunwa. Ngozi yote imetoka, ndani manjano tupu, ni kama mtu aliyeungua. Na yeye amekaa hapo na mashine yake, anapitisha mkono, ananiambia, karibu mwanangu, huyu sasa amelainika."

Lori lilipita, akangoja lipite.

"Sasa nikasema vile mtu husema tu. Si unajua vile mtu husema? Nikamwambia, mama, kwani huoni? Akazima mashine. Akasema, sioni. Bwana, mimi nilicheka. Nilidhani ananijibu kwa kiburi. Halafu nikamwona anatafuta kikapu chake kwa mikono, na kikapu kiko hapo, kando ya goti."

Bi Fundi niliyemjua angepitisha kidole ukingoni mara moja na kuijua ile kanzu ya kuazima. Lakini kwa miezi yote niliyokuwa sipo alikuwa ameishika mashine mwenyewe, kwenye sita, kwa kuwa kwenye tatu hakuweza kumaliza kazi za watu kwa siku alizowaahidi. Vidole vilianza kwa ganzi ya asubuhi inayoondoka baada ya chai. Halafu ganzi ikawa haiondoki. Hakumwambia mtu, kama vile hakuwa amemwambia mtu kuhusu macho, na aliyekuwa anajua hakuwapo. Maneno yalisambaa upesi. Kwanza kwamba ameharibu milango, kisha kwamba ni kipofu, mwishowe kwamba amekuwa akiwadanganya watu miaka yote. Wale waliokuwa wakipitisha viganja kwenye milango yao na kusifu, sasa walianza kuitafuta kasoro.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Ilikuwa asubuhi, watu wa Shika Adabu wamepanga madumu kwenye kioski cha maji, jua bado halijakuwa kali. Aliketi kibarazani juu ya gunia. Alikuwa amepungua, na kanga ilimkaa kama imetundikwa. Mapajani alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia, ameutoa ule ulimi wa chuma, na alikuwa akipiga msasa kiti chake. Kwaru, kwaru. Kisha akainua ule ubao kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaulaza kwenye shavu lake na kuuburuta polepole kutoka sikioni hadi kidevuni. Shavu lilikuwa na michubuko midogo midogo, mingine ya zamani, mingine bado mibichi.

"Shikamoo, Bi Fundi."

Aliushusha ubao.

"Marahaba. Jumatatu imefika?"

Nikasema nisamehe. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Changamwe, na likatoka hilo moja.

"Kaa chini. Unanizibia hewa."

Nilikaa. Nilimwomba nione vidole vyake, akanipa mkono kama mtu anayekupa kitu ambacho hakihitaji tena. Ncha zilikuwa baridi, rangi yake imekimbia. Nilizibana. Akaniuliza kama nimeshaanza kubana. Alisema siku hizi kikombe cha moto anakijua kikishamchoma kwenye mdomo. Mashine ilikuwa ndani, imefungwa kwenye tambara. Nilimwambia niichukue nikaiuze, au nikaitupe baharini.

"Iache ilale. Ile haina kosa. Ilituambia mapema, pale pale dukani, itachukua nini."

"Kosa ni langu."

"Ndiyo," akasema, bila hasira, kama anayetaja namba ya msasa. Akaurudisha ubao shavuni.

Nilimuuliza akifanya hivyo kila siku shavu litamfikisha wapi. Akasema likichoka liko la pili, na baada ya hilo kuna mdomo.

"Na baada ya mdomo?"

"Baada ya mdomo kuna waosha maiti. Hao wataninyoosha bila kuniuliza."

Tulikaa hivyo mpaka jua likaingia kibarazani. Aliniambia mbuzi ile ni ya jirani yake, mama muuza viazi vya karai nyumba ya tatu, na kwamba imekwisha, nimpelekee. Nilimkuta yule mama ukumbini kwake, anamenya viazi. Aliipokea mbuzi, akaipitisha kiganja, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayesifu na kusikitika pamoja. Halafu akavuta kopo kutoka chini ya meza, akatoa kipande cha msasa mkali kabisa, ule wa kukwangulia kutu, akaanza kuukwaruza ule ubao uliokuwa laini kama yai.

"Mama, wafanya nini?"

"Punguza sauti." Hakuinua macho. "Mimi nazi nanunua imeshakunwa. Hii namharibia ili kesho nimpelekee tena, nimwambie ni mbuzi ya mkwe wangu, au ya shangazi. Asipokuwa na kitu mapajani anakaa anasugua goti lake mpaka linatoka damu. Wewe ni nani yake?"

"Niliwahi kumshikia mashine."

Akaacha kukwaruza. "Basi wewe ndiye," akasema, akaendelea. Baada ya muda akaongeza, "Usimwambie."

Nilirudi kumuaga. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba jirani amefurahi sana. Bi Fundi alikuwa ameelekeza uso pembeni, upande wa nyumba ya tatu, mikono mitupu juu ya magoti.

"Ameshaanza?"

Nikauliza nani, ameanza nini.

"Usinipumbaze. Macho yamekufa na vidole vimekufa, mapaja bado. Mbuzi ile ile, kila ikirudi ni nyepesi zaidi." Alitandaza kanga yake juu ya miguu, akaiweka sawa. "Ukipita hapo kwake mwambie akwaruze kidogo kidogo. Ubao unakwisha, na mimi bado nipo."